Chonge ya Mtoto Mchanga Haina Hatia

Mtoto wa miezi 5 au 6 akishikwa na homa, akaharisha na kukataa ziwa, wapo hapa Tanzania, na kadhalika kwa jirani zetu wa Kenya na Uganda, watu ambao kitu cha kwanza wanachokikagua ni ufizi wake. Na wakiona mahali pa chonge pamevimba na kuwa peupe, hukata shauri kwamba ameota meno ya plastiki, ambayo wengine huyaita ya nailoni, na kwamba yasipotolewa atakufa. Basi hupelekwa kwa mtu anayesifika kwa kazi hiyo, naye huupasua ufizi kwa kisu au kwa spoku ya baiskeli iliyonolewa, pasipo ganzi, akachokoa kitu laini cheupe mfano wa punje ya mchele, akamwonyesha mama kuwa ndio ushahidi.

Kitu hicho ni jino halisi. Ni chonge ya utotoni ambayo, lau ingeachwa, ingetokeza yenyewe mtoto akikaribia mwaka na nusu au zaidi kidogo, na ulaini wake ni hali ya kila jino lisilokomaa. Karibu yake imejificha mbegu ya chonge ya ukubwani, inayotarajiwa baina ya umri wa miaka 9 na 12, nayo mara nyingi hudhurika kwa ncha ile ile, hata jino likaja kuota lina kasoro, au lisiote kabisa. Hayo ndiyo madhara mepesi: wako watoto waliovuja damu hadi wakahitaji kuongezwa nyingine, wako walioingiwa na pepopunda, na wako waliokufa.

Siwalaumu akina mama, kwa kuwa asili ya dhana hii ni sadfa ya wakati. Umri wa kuvimba fizi ndio umri ambao kinga aliyoitoa mtoto tumboni mwa mamaye hupungua, ndio anaoanza kulishwa uji, na ndio anaotia mdomoni kila akiokotacho sakafuni. Vijidudu vya kuhara huingia kwa njia hiyo, na homa huenda ikawa ya malaria. Tena, kuhara kwingi hukoma kwenyewe baada ya siku chache, hivyo aliyepasuliwa akipona sifa humwendea mpasuaji, na asiyepona husemwa kuwa alicheleweshwa.

Madaktari wa meno wa Tanzania wameandika juu ya kadhia hii tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, lakini maandishi yao hayafiki barazani. Rai yangu ni kwamba muuguzi wa kliniki, siku ya chanjo ya wiki ya 14, anawe mikono, amfungue mtoto kinywa mbele ya mamaye, na mbele ya bibi pia ikiwezekana, maana neno la mwisho nyumbani aghalabu ni lake, awaonyeshe ilipolala chonge na kuwaambia kwamba hapo patavimba na pasiguswe. Kisha awaagize kuwa mtoto akiharisha azidi kunyonyeshwa na aletwe apewe dawa ya chumvichumvi na zinki, na akiwa na homa apimwe malaria siku ile ile. Na mpasuaji, ambaye kila kijiji kinapajua kwake, aonywe na serikali ya kijiji, na akirudia ashitakiwe, hata kama ni mzazi mwenyewe aliyempelekea mtoto.