TAARIFA YA TAWI: KAMERA ZIRUDI BAADA YA UTEPE KUKATWA



Televisheni ya umma inaendeshwa kwa kodi zetu. Zahanati ikizinduliwa, kamera hufika. Dawa zikiisha, harudi mtu kuuliza.

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Mwananchi anataka aelezwe kwa Kiswahili chepesi: atachangia kiasi gani, atatibiwa wapi, akikataliwa alalamike kwa nani.

Baraza la Madiwani hukutana kila robo mwaka. Taarifa ya mapato na matumizi isomwe mbele ya kamera, hata pale diwani ni wa chama chetu. Hatuombi kusifiwa, tunataka hesabu ionekane.

Mkutano wa mtaa ukiitishwa, tuhudhurie, tuulize.

Katibu wa Tawi