Mgombea na Uhai wa Mtoto Aliye Tumboni

Kila uchaguzi unapowadia, wanaoomba kura Munje, kama kwingineko Msambweni, hawakosi ahadi za barabara, maji na nyavu. Lakini habari ya kutoa mimba huingoja siku ya kusimama mbele ya waumini. Hapo kila mgombea hutangaza kwamba anatetea uhai, akapigiwa makofi, akaenda zake. Je, Mkatoliki wa kijiji hiki, anayeishi na majirani ambao wengi wao ni Waislamu, atawapimaje watu wanaosema neno moja?

Tukumbuke mwaka 2010. Ibara ya 26 ya Katiba mpya ilitamka kwamba uhai huanza mimba inapotungwa, na kwamba kutoa mimba hakuruhusiwi ila kwa dharura ya matibabu, au uhai ama afya ya mama ikiwa hatarini, kwa maoni ya mtaalamu wa afya, au sheria nyingine ikiruhusu. Maaskofu, akiwemo Kadinali John Njue, waliona huo ni mlango ulioachwa wazi, wakawataka waumini waikatae. Bwana William Ruto aliipinga Katiba hiyo. Rais Mwai Kibaki, naye Mkatoliki, aliiunga mkono. Tarehe 4 Agosti ikapitishwa kwa asilimia 67 hivi ya kura.

Basi dini ya mgombea pekee si kipimo. Wala msimamo wa jukwaani si kipimo: Bwana Ruto aliapishwa kuwa Rais mwaka 2022, na ibara ile haikubadilika kwa hilo. Ibara ya 255 yasema Sheria ya Haki haibadilishwi ila kwa kura ya maoni ya wananchi. Kwa hiyo mgombea aahidiye kuifuta peke yake anawadanganya wapiga kura.

Kanisa halina maneno mawili juu ya kutoa mimba. Hata hivyo Papa Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake wa mwaka 1995, alieleza kwamba mbunge asiyeweza kuiondoa sheria mbaya, na ambaye upinzani wake unajulikana, aweza kuunga mkono hatua za kupunguza madhara yake. Yaani mwanasiasa hupimwa kwa kazi iliyo ndani ya uwezo wake.

Kwa hiyo tuwaulize. Mtaka ubunge au useneta aeleze: mswada wa afya ya uzazi wa mwaka 2019, ambao maaskofu waliupinga, yeye angeupigia kura gani, na kwa sababu zipi? Mtaka ugavana, kwa kuwa hospitali zi mikononi mwa kaunti tangu 2013, aeleze mja mzito wa Munje atafikaje Msambweni usiku, na akifika atakuta mkunga na damu?

Sheria ya Jinai yaweza kumfunga miaka 7 mwanamke aliyetoa mimba kinyume cha sheria. Mgombea asiye na neno ila kifungo hicho ametetea nusu ya uhai. Naye anayeahidi zahanati huku akimkwepa mtoto aliye tumboni ameiacha nusu nyingine.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Binti aliyepata mimba na kukimbiwa anaubeba mzigo huo peke yake. Mkatoliki na ampe kura yake mgombea aliye tayari kuwalinda wote wawili, mama na mtoto.