Machozi Yasiyo na Sababu

Filamu ya Mvera ya Daudi Anguka, iliyoteuliwa mwaka 2023 kuiwakilisha Kenya katika kinyang'anyiro cha tuzo za Oscar, ilionyesha kwamba Pwani haina uhaba wa vipaji vya uigizaji. Kinachohitaji jicho kali zaidi ni muswada, yaani maandishi yanayopanga matukio, mazungumzo na sababu za kila mhusika kutenda atendavyo. Kwa mfano, mzee wa Ganze au Magarini, Kaunti ya Kilifi, anayesingiziwa uchawi, mkasa ambao kaunti hiyo inaufahamu mno na ambao mara nyingi chanzo chake ni shamba, akiigizwa kwa ustadi lakini akaandikiwa hotuba ya semina pasipo mzozo wowote wa urithi na wanawe, kilio chake hakiaminiki, na lawama (kwa dhuluma iliyozoeleka) humwangukia mwigizaji.