Mpagazi au Bawabu?

Nilisoma kidato cha tano na cha sita mjini Tabora, tahasusi ya HKL: Historia, Kiswahili na Kiingereza. Jioni moja, mimi na mwenzangu tuliketi chini ya mwembe tukijaribu kufasiri lile onyesho la Macbeth ambamo mlevi mmoja anakwenda kufungua lango la ngome. Shakespeare amemwita “porter”. Nami, mtoto wa Unyamwezi, sikusita: nikaandika “mpagazi”. Mwenzangu akasoma, akauliza, “Amebeba mzigo gani?”

Sikuwa na jibu. Kamusi ndiyo iliyonifunza kuwa maneno mawili yamekutana katika umbo moja: asili ya moja ni lango, na asili ya jingine ni kubeba. Aliyehitajika pale ni bawabu. Kosa langu lilitokana na uchache wa Kiingereza changu, lakini pia lilitokana na mji. Mtu aliyekulia Tabora, kwenye njia ya misafara ya kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, akilisikia neno hilo humwona kwanza Mnyamwezi mwenye pembe ya ndovu begani.

Katika miaka miwili ya kukisoma Kiingereza, hilo ndilo somo lisilonitoka, wala halikutolewa darasani. Darasani tulikariri maana ya tafsiri, aina za tafsiri, sifa za mfasiri bora, na tofauti ya tafsiri na ukalimani. Tuliweza kujaza kurasa nne juu ya tafsiri bila kufasiri sentensi moja. Likizo iliyopita nilimwomba mpwa wangu, naye yuko kidato cha tano, anifasirie ubeti mmoja tu. Akanitajia aina za tafsiri.

Rai yangu ni hii: anayesoma Kiingereza kwa kiwango hicho apewe kila wiki aya moja au beti mbili azifasiri, kwenda na kurudi, na alitetee kila neno alilolichagua.

Wapo watakaosema kuwa kukiruhusu Kiswahili katika kipindi cha Kiingereza ni kumdekeza mwanafunzi. Hoja yao ina uzito, kwani aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili hana budi kukizoea Kiingereza kwa kukisema. Lakini kufasiri si kukikimbia Kiingereza. Anayejibu swali kwa Kiingereza aweza kulikwepa neno asilolijua; anayefasiri hana pa kujificha. Neno limekaa mbele yake, linamdai.

Tabora yenyewe ina ushahidi. Julius Nyerere alisoma Shule ya Serikali ya Tabora, na baada ya Makerere akarudi mjini kufundisha St. Mary’s. Mwaka 1963 ilitoka tafsiri yake ya Julius Caesar, na mwaka 1969 ikafuata Mabepari wa Venisi. Litazameni jina hilo. Katika Kiingereza mfanyabiashara ni mmoja. Katika Kiswahili wamekuwa wengi, tena wamekuwa mabepari, miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha. Ukubali uteuzi huo au uukatae, hutaweza kuujadili mpaka uwe umezielewa lugha zote mbili. Mjadala huo mmoja ungetosha vipindi vya wiki nzima.

Nanyi malenga, msidhani kuwa hili ni jambo la walimu peke yao. Mnajua uzito wa kuchagua baina ya pendo, huba na mapenzi pale mizani inapobana. Ujuzi huo ndio anaoukosa mwanafunzi. Aliye karibu na shule na akaombe nafasi ya saa moja, aingie na ubeti mmoja.

Kiswahili kilifika Tabora kwa miguu, vinywani mwa watu waliobeba mali ya wengine. Anayekariri maelezo ya mwalimu na kuyashusha katika chumba cha mtihani ni mpagazi vilevile. Mzigo ukishatuliwa, habaki na kitu. Anayefasiri ni bawabu. Yeye ndiye anayeamua neno gani liingie nyumbani mwetu, na liingie na vazi gani.