Hangari zina kufuli, madarasa yana magodoro

BUKAVU, KIVU KUSINI. Anayetoka Bukavu kwenda Kavumu, Miti na Katana huyaona bila kuyatafuta. Kando ya barabara ya kitaifa namba 2, na zaidi kwenye njia za udongo zinazopanda upande wa Lwiro au kushuka upande wa ziwa, kuna majengo marefu ya matofali na mawe. Manjanja yameshika kutu, madirisha yamezibwa kwa mbao, mlango umefungwa kwa mnyororo na kufuli. Ni hangari za plantasio za zamani. Moja ilikuwa ya kukaushia kahawa, nyingine ya magome ya kwinini, nyingine ya majani chai. Leo nyingi zinakausha upepo tu.

Kila vita inaposogea, wakaaji wanajua kitakachofuata. Familia zinafika na magodoro kichwani, chifu wa kijiji anamwita direkta wa shule, madawati yanatolewa nje, darasa linageuka nyumba. Ilikuwa hivyo Julai 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipojaza shule, makanisa na barabara za Bukavu kabla ya kupelekwa kwenye kambi kama Inera na Kashusha. Ilikuwa hivyo mtaa wa Kalehe, baada ya mafuriko ya 4 Mei 2023 yaliyoua watu zaidi ya 400 Bushushu na Nyamukubi, siku ya soko. Na imekuwa hivyo tena tangu mwanzo wa 2025, pale Goma na kisha Bukavu zilipoingia mikononi mwa AFC/M23 na kambi zilizozunguka Goma zikavunjwa. Miaka 30 na zaidi, mlango unaogongwa wa kwanza ni uleule wa shule. Wa hangari haugongwi kabisa.

Hilo ni kosa, na si kosa la wakimbizi wa ndani. Mtu anayekimbia risasi analala pale anapoonyeshwa. Kosa ni la wanaoonyesha: machifu, viongozi wa usultani, mashirika ya msaada, na wenye majengo wanaokaa kimya mpaka watu wamekwisha kutandika mikeka katika darasa la tatu.

Tangu Septemba 2019 masomo ya shule za msingi za serikali ni bure, na madarasa yalijaa hata kabla ya vita hii. Mwalimu ambaye alikuwa na watoto wengi kupita kiasi, leo anaambiwa apunguze vyumba. Matokeo ni zamu ya asubuhi na zamu ya mchana, au mwezi mzima bila kengele. Watoto wa kijiji wanakosa masomo, na watoto wa waliohama wanakosa pia, maana shule ambayo wangeandikishwa ndiyo wanayolala. Mtoto anafukuzwa shuleni na godoro lake mwenyewe. Halafu inapofika siku ya kufungua mwaka wa masomo, wazazi wa kijiji wanaanza kunung'unika, wanawaambia wageni watoke, na watu ambao jana waligawana muhogo leo wanatazamana vibaya.

Tufanye hesabu, maana wengi wanaoshika mambo haya hawapendi kuifanya. Kipimo ambacho mashirika ya msaada yenyewe yanafuata ni mita za mraba 3,5 chini ya paa kwa kila mtu. Darasa la mita 7 kwa 8 lina mita za mraba 56, kwa hiyo ni la watu 16. Wakiwekwa 50, hiyo si hifadhi tena. Hangari ya mita 10 kwa 30 ina mita za mraba 300, yaani watu 85. Hangari moja tu inarudisha madarasa matano. Hata ukiacha theluthi yake kwa kazi za kijiji, inabaki nafasi ya watu 57. Hao wanahitaji vyoo vitatu kwa kipimo cha choo kimoja kwa watu 20, na maji lita 15 kila mmoja kwa siku, ambayo ni bidoni 43 za lita 20. Ni kazi, ndiyo. Lakini shule nayo haikujengwa na bafu za watu wazima, na bado watu wanatupwa humo.

Jibu la kwanza linalotolewa ni kwamba hangari ni mali ya mtu. Basi tuulize: mtu gani, na aliipata namna gani?

Mashamba haya mengi yalikatwa wakati wa Wabelgiji, juu ya ardhi ambayo wami wa Kabare, Kalehe na kwingine waliikabidhi kwa hiari au kwa kulazimishwa, na mababu wa wakaaji wa leo ndio waliobeba mawe ya misingi. Tarehe 30 Novemba 1973, Mobutu alitangaza kwamba biashara na plantasio za wageni zinapita mikononi mwa wana wa nchi. Kwa vitendo zilipita mikononi mwa wakubwa na marafiki wa wakubwa. Wengi wao hawakuwa na nia ya kukata kahawa. Waliuza kilichouzika, mashine zikaondoka, miti ikazeeka. Halafu bei ya kahawa ikaanguka, ugonjwa ukaingia mashambani, wanajeshi wakapora miaka ya 1991 na 1993, vita ya 1996 ikamaliza. Upande wa Uvira, kiwanda cha sukari cha Kiliba kilinyamaza wakati huohuo. Upande wa Kamituga, kampuni ya madini ya SOMINKI ilivunjwa 1997, ikaacha nyumba, karakana na wafanyakazi wasiolipwa.

Kwa hiyo anayesema leo "mali ya mtu" mara nyingi anazungumza juu ya hati iliyoko ndani ya sanduku Kinshasa au ng'ambo, na jengo ambalo mwenye hati hajaliona tangu watoto wa kijiji walipokuwa hawajazaliwa. Sheria ya ardhi ya Julai 1973 inasema katika kifungu cha 53 kwamba ardhi ni mali ya serikali, na mwenye haki juu yake anaipewa ili aitumie na kuiendeleza. Asiyeiendeleza anaweza kupoteza haki hiyo. Sheria hiyo imetumika mara nyingi kuwafukuza wakulima wadogo kwenye vilima vyao. Haijulikani kwa nini ikose nguvu inapofika kwenye kufuli la tajiri.

Lakini haki ni haki, na hakuna anayeomba uporaji. Mkoa huu umeona uporaji wa kutosha. Kinachoombwa ni karatasi: mkataba wa miezi 12, mbele ya chifu wa grupma, mwakilishi wa usultani, shirika la raia na mwenye jengo au mtu wake. Bila kodi. Mwenye jengo anabaki na hati yake, na mwisho wa mkataba anapata paa lililozibwa na ukuta uliosimama badala ya gofu. Akikataa, aseme hadharani kwamba anakataa na kwa nini. Kukataa kwa kunyamaza kumedumu vya kutosha.

Jibu la pili ni la wanakijiji wenyewe, na hilo lisikilizwe kwa heshima: wakishaingia, hawatatoka. Kabare na Walungu, ambako familia nzima inaishi kwenye kipande cha shamba kisichotosha maharagwe ya miezi mitatu, woga huo si chuki. Watu wameona wageni wa muda wakigeuka wenyeji, na wameona pia wenyeji wakigeuka wageni. Ila tuseme ukweli: woga huohuo uko kwa shule, na huko hakuna mkataba wowote. Familia inayolala darasani haina tarehe ya kutoka wala jina kwenye daftari. Na sehemu kubwa ya waliohama katika Kivu Kusini haiko darasani wala kambini, iko katika nyumba za ndugu na marafiki waliowapokea, watu 12 katika vyumba viwili. Waliowapokea hawakuandikiana mkataba na mtu, wala hakuna aliyewapa bango la shukrani.

Ndiyo sababu theluthi ile ya hangari ina maana. Kijiji kinachofungua mlango lazima kipate kitu humo tangu siku ya kwanza: mashine ya kusaga, ghala la mihogo na mahindi ya akina mama wa soko, chumba cha kujifunzia kusoma jioni, mahali pa kupimia watoto uzito. Wageni wakirudi kwao, theluthi inakuwa jengo zima. Pasipo hilo, kijiji kitaona hangari imefunguliwa kwa ajili ya wengine tu, na kitakuwa na haki ya kukasirika.

Jibu la tatu ni kwamba majengo yamechakaa. Mengine ndiyo. Kuta zilizopasuka kwa matetemeko ya ardhi haziwekwi watoto chini yake, na fundi wa kweli aangalie kabla ya mtu yeyote kulala. Paa za eterniti za zamani zina vumbi linaloua mapafu polepole. Zisivunjwe kwa nyundo wala kusuguliwa. Vyumba vilivyokuwa vya dawa za mimea visilaliwe hata kama vinaonekana safi. Hayo ni mambo ya kuangalia, jengo kwa jengo. Lakini kusema "yamechakaa" kwa yote, kutoka ofisini, bila kufungua hata moja, huo ni uvivu.

Na uvivu huo una mwenzake: mapenzi ya maturubai. Shirika linakuja, linapanda nguzo, linafunga plastiki, linapiga picha ya bango lake. Jua la Kivu na mvua ya Kivu haviheshimu bango. Mwaka mmoja baada ya mafuriko ya Kalehe, wapo walionusurika ambao bado walikuwa katika vibanda vya namna hiyo, wakingoja nyumba walizoahidiwa. Fedha za kuzungushia plastiki mara tatu zingenunua manjanja, misumari na saruji ya hangari inayosimama miaka 20. Lakini hangari iliyotengenezwa haionekani mpya katika picha, na pengine hapo ndipo tatizo lilipo.

Anayedhani jambo hili ni ndoto, apande Lwiro. Wabelgiji walianzisha taasisi yao ya utafiti, IRSAC, mwaka 1947, wakajenga pale majengo makubwa katikati ya vilima vya Kabare. Leo ni kituo cha utafiti cha CRSN. Tangu 2002, katika eneo hilohilo, sokwe na nyani yatima walionyang'anywa majangili wamepewa makao, chakula na walinzi. Ni kazi njema, wala hakuna wa kuwaonea wivu sokwe. Inaonyesha tu kwamba eneo la zamani linaweza kupewa kazi mpya, vita ikiwa bado haijaisha, wakuu wakikubaliana.

Au aende upande wa Minova na Kalehe, ambako wakulima wa kahawa wa ushirika wa SOPACDI walikusanyika miaka ya mwanzo ya 2000, baada ya watu wengi kuzama ziwani usiku wakivusha kahawa kwa mitumbwi kwenda kuiuza Rwanda. Walijenga upya kituo cha kuoshea kahawa katika eneo ambalo lilikuwa limesahau kazi hiyo, na kahawa yao ikaanza kuuzwa nje kwa jina lake. Hawakungoja wenye plantasio wa zamani warudi kuwaruhusu kufikiri.

Makanisa nayo yasijifiche nyuma ya plantasio. Sale za parokia na za jumuiya zinazokaa tupu kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi ziandikwe pia. Mengi yamepokea watu kwa moyo, hilo linajulikana. Mengine yana zulia jipya, na zulia lina mlinzi.

Jambo moja lisisahauliwe katika haraka ya kufungua milango. Hangari ni nafasi moja ndefu yenye giza. Bila kuta za kugawanya, bila taa, bila choo cha wanawake kilicho karibu chenye komeo la ndani, itakuwa mahali pa hatari kwa wasichana. Kamati inayoshika mkataba iwe nusu akina mama, wa kijiji na wa waliohama, na ufunguo wa usiku uwe kwao. Akina mama wa Bukavu hawahitaji kuelezwa sababu.

Kazi ya kuanza nayo haihitaji mfadhili. Kabla kengele ya Septemba haijalia, kila chifu wa kijiji, kutoka Nyangezi mpaka Kalehe, aandike karatasi moja: hangari ngapi, urefu na upana, paa likoje, maji yako umbali gani, nani ana hati, nani ana ufunguo. Karatasi ipelekwe kwa grupma na kusomwa kanisani na sokoni, ili kila mtu aisikie. Salongo moja ya Jumamosi inatosha kufyeka nyasi na kutoa popo.

Kuhusu ufunguo, mara nyingi hauko mbali. Uko kwa mzee zamu, ambaye mwenye plantasio ameacha kumlipa miaka mingi, na ambaye mvua ikianza jioni anafungua kufuli kimyakimya ili mbuzi wake wasilowe.