Je, mirija ya kaboni itazuia nyonga bandia isilike?

Mtu mwenye nyonga bandia mara nyingi hutembea juu ya plastiki. Kichwa cha chuma au cha kauri huzunguka ndani ya kikombe cha polietilini, na kila hatua hukwangua chembe ambazo jicho haliwezi kuziona. Kinga ya mwili huzivamia chembe hizo, uvimbe huanza, mfupa unaokishika kikombe huyeyuka kidogo kidogo na mwishowe kiungo hulegea. Mgonjwa hurudi kwenye meza ya upasuaji, na upasuaji wa pili kwa kawaida ni mgumu kuliko wa kwanza.

Kwa mzee wa miaka 80 huenda siku hiyo isifike. Lakini huku Afrika Mashariki selimundu ni ugonjwa wa wengi, na unapoziba mishipa midogo ya damu huweza kuua mfupa wa nyonga mtu akiwa bado kijana. Anayewekewa nyonga bandia akiwa na miaka 25 anahitaji idumu miongo kadhaa. Ndiyo sababu tunaufuatilia utafiti wa kuchanganya plastiki na mirija ya kaboni.

Mirija hiyo ilipata umaarufu baada ya mtafiti wa Japani, Sumio Iijima, kuieleza mwaka 1991. Ni tabaka la kaboni lenye unene wa atomu moja lililoviringishwa kama mkeka, na unywele mmoja ni mnene kuliko mrija kwa maelfu ya mara. Ikitiwa kidogo tu ndani ya plastiki, huishikilia isichanike na husaidia kubeba mzigo. Majaribio kadhaa ya maabara yameonyesha plastiki hiyo ikilika polepole zaidi. Kazi ngumu ni kuichanganya. Mirija hupenda kushikana, kama unga wa ugali uliomwagwa kwenye maji ya moto bila kukorogwa, na kila bonge huweza kuwa mwanzo wa ufa.

Hata hivyo, matokeo mazuri ya maabara hayatutoshi, kwa sababu nyonga bandia imeshawahi kuwadanganya wataalamu. Daktari John Charnley wa Uingereza alianza na vikombe vya Tefloni, plastiki inayoteleza sana. Wagonjwa karibu 300 waliwekewa, na ndani ya miaka michache vikombe vilikuwa vimelika vibaya. Charnley alijidunga mwenyewe chembe za plastiki kwenye paja ili aone mwili unavyozipokea. Mwaka 1962 akahamia polietilini. Kisha katika miaka ya 1970 ikaja polietilini iliyotiwa nyuzi za kaboni, kwa hoja ileile tunayoisikia leo kuhusu mirija. Nyuzi hazikushikamana vizuri na plastiki, zikachomoka, na bidhaa hiyo ikaachwa.

Mrija ukichomoka, wasiwasi ni mkubwa zaidi. Mwaka 2008 utafiti uliofanywa kwa panya ulionyesha kuwa mirija mirefu, ikiingizwa kwenye uwazi wa tumbo, husababisha uvimbe unaofanana na ule wa asbesto. Mwaka 2014 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka aina moja ya mirija katika kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu; aina nyingine ilisema ushahidi hautoshi kuziainisha. Mirija iliyofungwa imara ndani ya plastiki si sawa na vumbi linalovutwa puani, ni kweli. Lakini hapa tunazungumzia plastiki ambayo kazi yake ni kusuguliwa, tena ndani ya mwili.

Kwa gia na beringi za plastiki kiwandani hesabu ni nyepesi zaidi, mradi wafanyakazi wanaochanganya unga huo wanalindwa. Mwaka 2013 taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, ilipendekeza kiwango kisichozidi mikrogramu 1 kwa kila mita ya ujazo ya hewa.

Kwa nyonga, mirija ina mshindani ambaye tayari yuko hospitalini: polietilini iliyopigwa mionzi ili molekuli zake zifungamane, iliyoanza kutumika kwa wingi mwishoni mwa miaka ya 1990. Hulika kidogo sana kuliko ile ya zamani, na baadhi hutiwa vitamini E ili isiharibiwe na oksijeni. Kijana wa selimundu anayepangiwa upasuaji mwaka huu ana haki ya kumuuliza daktari wake kama kikombe atakachowekewa ni cha aina hiyo.