Mifuko ya koti la kazini

Mwezi huu tuongelee jambo ambalo nyumba zenye mhudumu wa afya zinalijua sana: mifuko.

Mama, baba au dada anayefanya kazi zahanati anarudi jioni amechoka. Amesimama tangu asubuhi na foleni ya wagonjwa haikuisha. Anavua koti, analitundika kwenye msumari, analala. Kesho yake anayefua anaingiza mkono mfukoni: glavu mbili, plasta, pamba, kamba ya kufungia mkono wakati wa kutoa damu, na kalamu tatu ambazo hata moja si yake. Jamani, hakuiba. Mikono ilikuwa imejaa kazi, kitu kikatiwa mfukoni kwa dakika moja tu, na dakika ile ikawa zamu nzima. Yanawapata wauguzi wa kambini, yanawapata na wa hospitali kubwa za mijini.

Kalamu tunaichekea. Shida inaanza pale watoto wanapoiokota glavu na kuipuliza iwe puto. Glavu iliyokwisha kuvaliwa inaweza kufanana kabisa na mpya. Kirusi cha homa ya ini B kinaweza kuishi nje ya mwili siku 7 au zaidi, hata katika damu iliyokauka ambayo jicho halioni.

Sindano ndiyo mbaya zaidi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2000 pekee, wahudumu wa afya wapatao 66,000 duniani waliambukizwa homa ya ini B kwa kuchomwa na vitu vyenye ncha kali. Hao ni watu waliofundishwa. Je, mtoto wa miaka minne, au bibi anayefua nguo kwenye beseni?

Na vidonge je? Vile vya madini ya chuma wanavyopewa wajawazito, vingine vina rangi kama peremende, na mtoto mdogo akimeza vingi vinaweza kumuua. Dawa ya malaria nayo, ile ya mseto, dozi yake kamili ni mara 6 kwa siku 3. Vidonge viwili vilivyobaki mfukoni si dawa ya homa ya jirani. Aende akapimwe.

Basi tufanye hivi:

Mhudumu, kabla hujatoka mlangoni, pindua mifuko yote. Ukiweza, acha koti kazini. Ukija nalo, litundike juu, mbali na watoto, na lifuliwe peke yake kwa maji ya moto na sabuni.

Anayefua, usichomeke mkono mfukoni. Papasa kwanza kwa nje, kisha pindua mfuko taratibu.

Ukikuta sindano, usijaribu kuirudishia kifuniko chake. Iingize kwenye chombo kigumu chenye mfuniko na uirudishe zahanati. Usiitupe chooni wala kwenye shimo la taka, maana watoto wetu huchezea huko.

Mtu akichomwa, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni. Usikikamue, usikipake spiriti. Mpeleke zahanati saa hiyo hiyo. Dawa ya kuzuia VVU inafaa kuanza mapema iwezekanavyo, isipite saa 72, na inamezwa siku 28. Chanjo ya homa ya ini B nayo ipo. Mhudumu ambaye hajachanjwa aulize kazini kwake.

Mwisho, tuseme na majirani. Ukiona glavu kwa mama muuguzi, usikimbilie kusema "anaiba vitu vya wakimbizi". Neno hilo likizunguka bombani na kwenye mgao, mtu anaweza kupoteza kazi inayolisha watoto sita. Tena likimtia hofu, kesho atakificha kile kitu badala ya kukirudisha, na kilichofichwa ndani ndicho kinachomdhuru mtoto. Nanyi viongozi wa zahanati, anayerudisha apokelewe vizuri, asihojiwe kama mwizi. Kipimajoto kimoja kilichosahaulika nyumbani ni wodi nzima inayokisia homa kwa kiganja.

Leo jioni, kabla taa haijazimwa, tupindue mifuko. Tukutane mwezi ujao.